Habari za Shule Katikati ya Theluji: Niliyojifunza Nikiwa Mzazi Minnesota

Mzazi aliyesomea Kenya na ambaye sasa anawalea watoto wake katika jimbo la Minnesota, Marekani, hutembea na kalenda mbili kichwani. Katika ile ya kwanza, Novemba ulikuwa mwezi wa mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, Desemba ilikuwa likizo ya kwenda nyumbani, na Januari kila kitu kilianza upya: karo, sare, sanduku la bweni na barua ya kuitwa kidato cha kwanza. Katika kalenda ya pili, mwaka wa shule huanza Septemba na kumalizika mapema Juni, kwa hiyo Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo mwili unatamani kuilala kwa sababu ya baridi na giza, iko katikati kabisa ya mwaka wa masomo. Watoto wangu wawili wamepitia shule ya upili ya umma hapa, na jambo kubwa nililojifunza kwa kuwafuatilia ni kwamba nafasi nyingi zinazoweza kubadilisha maisha ya mwanafunzi hutangazwa katika miezi hiyo hiyo ya baridi, na tarehe za mwisho za baadhi yake hupita kabla theluji haijayeyuka.

Sisi Wakenya wa Minnesota tumejazana hasa katika viunga vya kaskazini magharibi mwa Minneapolis, Brooklyn Park na Brooklyn Center, na wengi wetu tunafanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee, mara nyingi zamu za usiku. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza hapa karibu saa mbili kasoro robo asubuhi na kutua baada ya saa kumi na nusu jioni. Mzazi wa zamu ya usiku anarudi nyumbani kukiwa na giza, mtoto anasubiri basi la shule kukiwa na giza, na wakati mwingine hupita juma zima wawili hao wakionana mlangoni tu. Ndani ya juma kama hilo shule inatuma jarida lake la habari za majira ya baridi kwa barua pepe, refu, kwa Kiingereza, nalo linakaa humo likisubiri mtu wa kulisoma.

Nimeyasoma majarida hayo kwa miaka mingi, na ninaweza kueleza yalivyo. Juu kabisa kuna picha ya timu ya hoki ya barafuni au ya mieleka, kwa kuwa michezo ya baridi ndiyo fahari ya jimbo hili. Chini yake kuna matokeo ya mpira wa kikapu, tarehe ya tamasha la kwaya, maelezo ya jinsi wazazi watakavyoarifiwa shule ikifungwa au ikichelewa kufunguliwa kwa saa mbili kwa sababu ya theluji, na ombi la kuchukua glavu na kofia zilizosahaulika kwenye kabati la vitu vilivyopotea. Halafu, katikati ya hayo, kwa herufi zile zile ndogo, kuna sentensi moja inayosema kwamba mwanafunzi anayetaka kusomea chuoni mwaka ujao bila kulipa karo afike kwenye mkutano wa Alhamisi jioni. Habari nzito na habari nyepesi zimewekwa kwenye mstari mmoja, na hakuna anayemwambia mzazi mgeni ipi ni ipi.

Kule tulikosomea, hatima ya mwanafunzi iliwekwa kwenye mtihani mmoja. Mzazi alijua kazi yake: kulipa karo, kumwombea mtoto, kwenda siku ya kutembelewa na chakula cha nyumbani, na kusubiri matokeo. Kukiwa na jambo zito, mwalimu mkuu alituma barua na mzazi akaenda. Hapa hakuna mtihani mmoja wa namna hiyo. Kuna mambo mengi madogo, kila moja na fomu yake na tarehe yake, na hakuna anayekuita. Mwalimu mshauri yupo, na washauri niliokutana nao walikuwa watu wema wanaofanya kazi hadi kuchoka, lakini chama chao cha kitaifa kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na Minnesota kwa miaka mingi imekuwa mbali sana na kiwango hicho. Mtu anayehudumia mamia ya watoto humsaidia anayebisha hodi. Mtoto aliyelelewa kutomsumbua mkubwa, kama tulivyowalea wetu, habishi hodi.

Nitaanza na lile lililomfaa zaidi kifungua mimba wangu. Mwaka 1985, wakati wa gavana Rudy Perpich, Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria inayomruhusu mwanafunzi wa shule ya upili kusoma masomo ya chuo kikuu au chuo cha miaka miwili huku jimbo likilipa karo na vitabu. Mpango huo unajulikana kwa herufi PSEO. Wanafunzi wa darasa la 11 na la 12, miaka miwili ya mwisho ya shule ya upili, wanaweza kusoma masomo machache au hata siku nzima chuoni, na wa darasa la 10 wanaweza kuanza na somo la ufundi. Kila somo analofaulu linahesabiwa mara mbili, kwenye cheti cha shule ya upili na kwenye rekodi ya chuo. Sheria inazitaka wilaya za shule kutoa maelezo ya mpango huu kabla ya Machi kuanza au siku yake ya kwanza, na mwanafunzi anatakiwa kuijulisha shule yake kufikia Mei 30 kwamba atashiriki mwaka unaofuata. Kati ya tarehe hizo mbili chuo chenyewe kina tarehe yake ya kupokea maombi, na kina masharti yake ya alama. Mzazi anayesikia habari hizi Juni, mtoto akiwa amefunga shule, amesikia habari za mwaka uliopita.

Mwanangu alisoma hivyo akiwa darasa la 12, katika chuo cha North Hennepin kilichoko Brooklyn Park, akipanda basi la abiria asubuhi, hadi Machi 2020 masomo yote yalipohamia kwenye kompyuta. Alimaliza shule ya upili akiwa na krediti, yaani hesabu ya masomo aliyofaulu chuoni, za karibu mwaka mzima wa chuo, na familia yetu haikulipia karo hata senti. Lakini ni lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa nimeona wazazi wakiuchukulia mpango huu kama zawadi isiyo na masharti. Alama ya chini anayoipata kijana wa miaka 16 katika darasa la chuo inabaki kwenye rekodi yake ya chuo, na inaweza kumsumbua baadaye anapoomba msaada wa karo. Chuoni hakuna anayempigia mzazi simu mtoto asipofika darasani, na profesa hatazungumza na mama kuhusu alama za mwanafunzi bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa kijana anayejipanga, sijui mpango bora kuliko huu. Kwa kijana ambaye bado anaamshwa kila asubuhi, mwaka mmoja zaidi katika shule ya upili, yenye masomo ya ngazi ya juu yanayofundishwa humo humo, unaweza kumfaa zaidi.

Juma lile lile ambalo tulikuwa tukiyaamua mambo hayo ndilo juma la baridi ambayo watu wa hapa bado wanaikumbuka. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ukaifanya baridi hiyo ihisiwe kuwa kali zaidi, kiasi kwamba ngozi isiyofunikwa ingeweza kuganda ndani ya dakika chache. Shule nyingi zilifungwa kwa siku kadhaa. Sisi tulioajiriwa katika nyumba za wazee tulikwenda kazini, maana wazee hawafungwi, na watoto walibaki nyumbani. Nilipompigia simu mwanangu wakati wa mapumziko, aliniambia kwamba fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao ilikuwa wazi kwenye mtandao na rafiki zake walikuwa wakiijaza wakiwa vitandani. Jengo lilifungwa, lakini shughuli za shule ziliendelea. Tangu hapo, katika nyumba yetu siku ya theluji imekuwa siku ya karatasi: mtoto analala hadi saa tatu, anapata uji, kisha tunafungua akaunti ya shule na kupitia kila kitu ambacho hatukupata muda wa kukisoma.

Ni katika siku moja kama hiyo, miaka michache baadaye, kitinda mimba wangu alipoona mstari kuhusu mtihani wa lugha. Mwaka 2014 jimbo hili lilipitisha sheria ya kuwatambua wanafunzi wa shule za upili wanaomudu Kiingereza pamoja na lugha nyingine. Anayefaulu anaweza kupata muhuri wa dhahabu au wa platinamu, na vyuo vya mfumo wa Minnesota State, ambavyo ni 33 kote jimboni, humpa krediti za lugha, hadi za mihula minne kwa mwenye platinamu, mradi aziombe ndani ya miaka mitatu ya masomo baada ya kuhitimu. Binti yangu alidhani mambo hayo ni ya wanaosoma Kihispania na Kifaransa darasani. Nilimwambia aandike barua pepe kwa mshauri na kuuliza swali moja tu: je, Kiswahili kimo? Jibu lilikuja siku iliyofuata kwamba kimo.

Kujua kuzungumza nyumbani hakutoshi kufaulu mtihani huo, na hapa ningependa wazazi wenzangu wanisikilize vizuri. Mtihani aliofanya ulipima kuandika na kuzungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha simu, kilichochanganyika na Ekegusii, lugha ya Wakisii, anachozungumza na bibi yake na Kiingereza cha shuleni, na hakuwahi kuandika aya moja kamili. Kwa hiyo jioni za Februari tulikaa mezani. Nilimpa mada za kawaida: eleza safari uliyowahi kufanya, mshawishi mwalimu aongeze muda wa maktaba, linganisha shule yako na shule aliyosoma mama. Rasimu ya kwanza ilisema "nilienda kwa duka na nikapata hakuna mkate", jinsi anavyotusikia tukizungumza haraka haraka, na tulikaa juu ya sentensi hiyo hadi ikawa "nilikwenda dukani nikakuta hakuna mkate". Ngeli zilimtoa jasho. Lakini jambo ambalo sikulitarajia ni maswali aliyoanza kuuliza ili apate cha kuandika: bweni lilikuwaje, tulikula nini, kwa nini nilitembea kwenda shule ya msingi bila viatu. Hadithi nilizokuwa nimezihifadhi nikingoja akue alizipata zote ndani ya majuma machache, kwa sababu ya mtihani.

Siku ya mtihani aliwekwa kwenye chumba kitulivu na vipokea sauti masikioni, akaandika kwenye kompyuta, kisha akajirekodi akijibu maswali. Alipata dhahabu. Kwenye sherehe ya kuhitimu alivaa nishani yake, na nilimwona akiieleza kwa marafiki zake bila kuona haya, yeye ambaye darasa la 7 aliniomba nisimzungumzishe Kiswahili mbele ya basi la shule.

Michezo na vilabu nitavipitia kwa kifupi, ila nitaje roboti. Mashindano ya FIRST hutangaza changamoto ya mwaka mapema Januari, na kuanzia hapo timu za shule za upili hujenga mashine yao hadi mashindano ya Machi. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yenye timu nyingi zaidi. Binti yangu hakuwa na hamu ya nyaya wala bisibisi, lakini timu ilihitaji mtu wa kuandika barua za kuomba michango kwa kampuni za jirani, na kazi hiyo aliiweza. Wazazi wengi wanadhani klabu ya roboti ni ya wanaohesabu vizuri tu. Ina nafasi kwa mwandishi, mchoraji, mtunza hesabu na mpiga picha, na mtoto anayebaki shuleni hadi saa kumi na mbili jioni kwa shughuli kama hiyo yuko mahali penye joto na watu wazima wanaomjua kwa jina.

Jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote ni fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa karo ya chuo, inayoitwa FAFSA. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Mwaka ambao binti yangu alikuwa darasa la 12 serikali ilikuwa imeiunda upya, ikachelewa na kuanza kupatikana siku za mwisho za Desemba 2023, tena kwa saa chache chache kila siku. Wazazi wasio na nambari ya hifadhi ya jamii (Social Security) walikwama kwa majuma mengi, hata kama watoto wao walizaliwa hapa na wana haki zote. Niliwaona watu wakikata tamaa mnamo Januari na kusema kwamba mtoto atafanya kazi kwanza. Waliorudi kwenye fomu hiyo tena na tena hawakupoteza muda wao, kwani msimu wa vuli wa 2024 jimbo lilianzisha North Star Promise, mpango unaolipia salio la karo katika vyuo vya umma vya Minnesota kwa familia zenye mapato yaliyorekebishwa yasiyofikia dola 80,000 kwa mwaka. Familia nyingi za watunza wazee ziko chini ya kiwango hicho. Mlango wa kuingia katika mpango huo ni fomu ile ile ya msaada wa karo, au ile ya jimbo kwa wanaostahili kupitia sheria ya Minnesota ya mwaka 2013 ya wanafunzi wasio na hati za uhamiaji. Asiyejaza, hata akistahili vipi, hapati.

Ukiwa na fomu hiyo mbele yako, andaa mambo mawili mapema: fomu ya kodi ya mwaka ulio miaka miwili kabla ya ule wa kuanza chuo, kwa kuwa ndiyo inayoangaliwa, na akaunti ya mzazi yenye jina lililoandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kadi ya hifadhi ya jamii. Majina yetu matatu, yanayopangwa kwa namna moja kwenye pasipoti na kwa namna nyingine kwenye kadi, yamewachelewesha watu wengi kuliko swali lolote la mapato.

Kazi za kiangazi nazo huombwa wakati wa baridi. Mjini Minneapolis kuna mpango wa Step Up kwa vijana wa miaka 14 hadi 21 wanaoishi humo, na miji jirani ina mipango yake. Kijana anayeanza kutafuta kazi Juni hukuta waliotuma maombi theluji ikiwa magotini wameshapangiwa ofisi na hospitali.

Haya yote sikuyajua kwa akili yangu peke yangu. Kuna Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kutoka Nyamira alinifuata kwenye ukumbi wa chai, akanipa simu yake na kusema, "Dada, hebu nisomee hii, shule inataka nini?" Tulisoma pamoja, wakaja wengine wawili, na tangu hapo wakati wa baridi tunakaa baada ya chai tukiwa na majarida ya shule tofauti. Mtu mmoja anasoma kwa Kiingereza, mwingine anaeleza kwa Kiswahili, na tunaandika tarehe tu, kwa sababu maelezo mengine mtu anaweza kuyatafuta baadaye lakini tarehe ikipita imepita. Kina baba walikuja polepole. Sasa ndio wanaouliza zaidi kuhusu mieleka ya wasichana, ambayo ilipata mashindano yake ya jimbo Machi 2022, na ambayo binti wawili wa kikundi chetu wamejiunga nayo.

Kwa shule nina ombi ambalo nimelitoa kwa mdomo na kwa maandishi, na nitaendelea kulitoa. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kama ilivyofafanuliwa kwa miaka mingi katika elimu, inazitaka shule za umma kuwasiliana na wazazi wasiomudu Kiingereza kwa lugha wanayoielewa, na shule nyingi hutimiza wajibu huo kwa kumwita mkalimani kwenye kikao cha nidhamu. Mkalimani huyo huyo anahitajika zaidi Januari, mtoto akiwa hana kosa lolote na ana alama nzuri, ili mama yake aelezwe nafasi zilizopo. Ningependa pia tarehe ya mwisho iwekwe kwenye mstari wa kwanza wa tangazo, kabla ya picha ya hoki, na nafasi zinazolipiwa na serikali zitumwe peke yake kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa simu ndiyo tunayoitazama wakati wa mapumziko ya zamu. Shule moja ya jirani imekubali kujaribu ujumbe wa simu kwa Kiswahili na Kisomali baridi hii inayokuja, na kikundi chetu kimejitolea kuusoma ujumbe wa Kiswahili kabla haujatumwa.